Chembe Isiyoshikika Inayolipua Nyota

Jumatatu, Februari 23, 1987, saa 4:35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kila mtu aliyekuwa hai duniani alipitiwa mwilini na chembe trilioni nyingi zilizotoka kwenye nyota iliyoporomoka. Hakuna aliyehisi chochote. Chembe hizo zilipenya nyama, mifupa, kuta na miamba, zikatokea upande wa pili wa Dunia na kuendelea na safari. Yote hayo yalichukua sekunde 13 hivi. Vyombo vitatu vilivyofichwa chini ya ardhi, kimoja Japani, kimoja Marekani na kimoja katika Umoja wa Kisovyeti wa wakati ule, vilinasa jumla ya chembe 24. Ishirini na nne tu! Lakini hizo zilitosha kuthibitisha jambo ambalo wanasayansi walikuwa wakilijadili kwa makaratasi kwa zaidi ya miaka 50, yaani namna nyota kubwa inavyokufa.

Chembe zenyewe huitwa nyutrino. Hazina chaji ya umeme, uzito wake ni mdogo kiasi kwamba mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kuupima, na ni nadra mno kugusana na kitu chochote. Ukijenga ukuta wa risasi wenye unene wa mwaka mmoja wa nuru, ambao ni kilomita trilioni 9.5, takriban nusu ya nyutrino zinazotoka kwenye Jua zitaupita bila habari. Jua letu hutumwagia kiasi cha bilioni 65 kwa kila sentimita ya mraba, kila sekunde, mchana na usiku. Usiku hutujia kutoka chini ya miguu, zikiwa zimeshaipenya Dunia nzima.

Mwanafizikia Wolfgang Pauli alipopendekeza kuwapo kwa chembe hiyo Desemba 1930, ili kuokoa hesabu ya nishati iliyokuwa ikipotea katika mionzi ya beta, yeye mwenyewe alihofu kwamba amebuni kitu ambacho hakitagunduliwa kamwe. Ilichukua hadi mwaka 1956 ndipo Clyde Cowan na Frederick Reines walipozinasa kando ya kinu cha nyuklia cha Savannah River, jimbo la South Carolina.

Kwa tabia hiyo, mtu angedhani nyutrino ni mpita njia tu, asiyeathiri lolote. Na mahali pengi ndivyo ilivyo. Ila ndani ya nyota inayoporomoka mambo hugeuka: hapo nyutrino ndiyo inayobeba karibu kila kitu, ndiyo inayoiharakisha nyota kufa, na kwa kadiri tunavyojua ndiyo inayoilipua.

Tuseme nishati yote inayotoka kiini cha nyota kinapoporomoka ni Sh10,000. Nyutrino huondoka na Sh9,900. Sh100 zinazobaki hutumika kuirarua nyota na kuirusha angani kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Na kutoka katika hizo Sh100, ni shilingi moja tu inayogeuka kuwa nuru. Kwa shilingi hiyo moja nyota hung'aa majuma kadhaa ikishindana na galaksi nzima. Kila picha nzuri ya supanova uliyowahi kuiona kwenye kalenda au kwenye simu yako ni picha ya shilingi hiyo. Mimi huona kwamba sifa zimeenda pasipo stahili, ingawa naelewa sababu: nuru inaonekana, nyutrino haionekani.

Niweke wazi jambo moja kabla ya kuendelea. Si supanova zote zinazotokana na kuporomoka. Ziko zinazotokea pale nyota ndogo iliyokwisha kuzeeka inapolipuka kwa moto wa nyuklia, na ile aliyoiandika Johannes Kepler mwaka 1604, ya mwisho kuonekana kwa macho matupu ndani ya galaksi yetu, ilikuwa ya aina hiyo. Katika hizo nyutrino haina kazi kubwa. Habari yetu ni ya zile nyingine, za nyota zenye uzito wa Jua mara nane au zaidi.

Siku moja ya silikoni

Nyota huishi kwa kuunganisha viini vya atomu. Hidrojeni huwa heli, heli huwa kaboni, na kadhalika, na joto linalotoka humo ndilo linaloizuia nyota isilemewe na uvutano wake yenyewe. Nyota yenye uzito wa Jua mara 25 hutumia hidrojeni yake kwa takriban miaka milioni saba. Heli huisha kwa miaka laki kadhaa. Ikifika kwenye kaboni, muda huporomoka hadi mamia ya miaka. Neoni huchukua mwaka hivi, oksijeni miezi, na silikoni, ambayo ndiyo ya mwisho, huisha kwa muda wa siku moja.

Kwa nini haraka hiyo ya ghafla? Ni kwa sababu ya nyutrino. Kuanzia kaboni, katikati ya nyota huwa na joto la karibu nyuzi bilioni moja na zaidi, na kwa joto hilo jozi nyingi za nyutrino huzaliwa kila nukta. Nuru inayozaliwa katikati ya nyota hugongana na kila kitu njiani na huchukua maelfu ya miaka kufika juu. Nyutrino haigongani na mtu. Hutoka moja kwa moja na nishati yake, na nyota hulazimika kuchoma haraka zaidi ili kufidia kinachotoroka, na kadiri inavyochoma ndivyo kinavyotoroka zaidi.

Wanafizikia George Gamow na Mario Schoenberg waliliona jambo la namna hiyo mapema, mwaka 1941. Utaratibu mmoja wa nyutrino kuiba nishati waliupa jina la Urca, ambalo halihusiani na fizikia hata kidogo. Urca ilikuwa nyumba ya kamari jijini Rio de Janeiro, na hao mabwana walisema nishati inatoweka katikati ya nyota kwa kasi ileile ya fedha kutoweka kwenye meza za pale. Vitabu vya chuo vinalitumia jina hilo mpaka leo, na wanafunzi wengi hudhani ni kifupisho cha kitu kikubwa.

Silikoni ikiisha, kinachobaki katikati ni mpira wa chuma. Ukubwa wake haupishani sana na wa Dunia, lakini uzito wake ni takriban mara 1.4 ya Jua. Chuma ndicho mwisho wa njia: kukiunganisha zaidi hakutoi nishati, bali kunaimeza. Kitu pekee kinachoushikilia mpira huo ni elektroni zilizobanana ndani yake, nazo zina kikomo cha mzigo. Kikomo hicho kilikokotolewa na Subrahmanyan Chandrasekhar akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kikipitwa, elektroni husukumwa ndani ya protoni, protoni hugeuka nyutroni, na kila mara jambo hilo linapotokea nyutrino moja huzaliwa na kuondoka. Mhimili ndio unaoliwa hapo, kwa sababu kila elektroni iliyomezwa ni mlinzi mmoja aliyepungua.

Kiini huanguka. Sehemu za nje zake hufikia kasi ya karibu robo ya kasi ya nuru, kilomita 70,000 kwa sekunde. Chini ya sekunde moja, mpira uliokuwa na upana wa maelfu ya kilomita huwa wa makumi ya kilomita tu. Nyota yenyewe, ile ya nje, haina habari. Ngozi yake iko mamilioni ya kilomita mbali na itaendelea kung'aa kwa saa kadhaa kana kwamba mambo ni shwari.

Na hapa ndipo hadithi inapopata ladha. Kiini kinapozidi kubanwa, msongamano hufika kiwango ambacho hata nyutrino, ile isiyozuiwa na mwaka wa nuru wa risasi, hunaswa. Hujaribu kutoka, hugonga, hurudi, hugonga tena. Katikati ya miaka ya 1970 wanafizikia, akiwamo Katsuhiko Sato wa Japani, walikokotoa kwamba lazima iwe hivyo. Kiini huendelea kubanwa hadi kila sentimita moja ya ujazo inakuwa na tani zipatazo milioni 270. Hapo viini vya atomu hugusana, havibaniki tena, na kuanguka husimama kwa kishindo. Tabaka zinazoendelea kuanguka hugonga hapo na kurushwa nyuma. Wimbi la mshtuko huanza kwenda nje.

Zamani ilidhaniwa kazi imeishia hapo na nyota imelipuka. Haikulipuka. Kila waliporudia hesabu kwa kompyuta, wimbi lilitembea kilomita 150 au 200 kutoka katikati likasimama. Lilikuwa limemaliza nguvu zake kuvunja viini vya chuma vilivyokuwa vikilimiminikia kutoka juu. Kwenye karatasi nyota ilikuwa imekwama, na angani nyota zilikuwa zikilipuka. Yupi muongo?

Aliyetoa wazo la kwanza la kuitoa nyota kwenye mkwamo alikuwa Stirling Colgate, pamoja na Richard White, mwaka 1966. Walisema nyutrino zinazotoka kwenye kiini zinaachia sehemu ya nishati yake kwenye gesi iliyo juu na kuilipua. Hesabu zao zilikuwa na kasoro nyingi, lakini mbegu ilikuwa nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 James Wilson aliiacha kompyuta yake iendelee na hesabu muda mrefu kuliko wenzake walivyozoea. Wimbi lililosimama likafufuka. Mwaka 1985 yeye na Hans Bethe walichapisha maelezo ya kilichotokea. Bethe, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kueleza nyota zinavyowaka, wakati huo alikuwa anakaribia miaka 80 na bado anapiga hesabu za namna zinavyozimika.

Kwa ufupi ni hivi. Mpira wa nyutroni uliozaliwa una joto la zaidi ya nyuzi bilioni 100, na njia pekee ya kupoa ni kumwaga nyutrino kutoka juu ya ngozi yake. Nyutrino hizo hupita kwenye gesi nzito iliyo chini ya wimbi lililokwama. Zaidi ya tisini kati ya kila mia hupita bila kugusa. Chache zilizobaki, pengine tano hadi kumi kati ya mia, humezwa na gesi na kuipasha moto. Kwa kuwa kinachomwagwa ni kingi mno, hizo chache zinatosha. Ndani ya sehemu ya sekunde gesi huvimba, wimbi huinuka tena, na safari hii halisimami.

Tepu za Kamioka

Haya yote yalikuwa nadharia hadi Februari 1987, na shahidi alitokea mahali ambapo hakutarajiwa.

Katika mgodi wa Kamioka, mkoa wa Gifu nchini Japani, mita 1,000 chini ya mlima, kulikuwa na tangi la chuma lenye kimo cha mita 16 na maji safi tani 3,000. Kuta zake zilizungukwa na balbu kubwa za kuhisi mwanga zipatazo 1,000, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 50. Balbu hizo hazitoi mwanga, zinaupokea. Nyutrino ikibahatika kugonga chembe ndani ya maji, hutokea chembe yenye chaji inayokimbia kuliko nuru inavyokwenda majini, na njiani huacha duara la mwanga hafifu wa buluu uitwao nuru ya Cherenkov. Balbu hulinasa duara hilo kwa sehemu ndogo mno ya sekunde na kompyuta huandika kila kitu kwenye tepu ya sumaku.

Tangi hilo halikujengwa kwa ajili ya nyota. Masatoshi Koshiba wa Chuo Kikuu cha Tokyo alilijenga mwaka 1983 kuangalia kama protoni huoza. Hazikuoza. Badala ya kufunga virago, Koshiba aliamua kulikarabati ili liweze kuona nyutrino za Jua, ambazo zina nishati ndogo zaidi. Ukarabati ulikamilika na tangi likaanza kazi yake mpya mwanzoni mwa 1987. Koshiba alikuwa anastaafu Machi mwaka huohuo. Wapo wanaosema alikuwa mtu wa bahati, na ni kweli, lakini nyutrino zilimwangukia kila mtu siku ile. Yeye alikuwa na tangi safi na balbu zinazofanya kazi.

Usiku wa kuamkia Februari 24, juu ya mlima wa Las Campanas nchini Chile, Ian Shelton, kijana wa Kanada, alikuwa akisafisha sahani ya picha ya Wingu Kubwa la Magellan. Wingu hilo ni galaksi ndogo jirani yetu, iliyo umbali wa takriban miaka 168,000 ya nuru. Hata kutoka pwani ya Tanzania huonekana chini upande wa kusini usiku wa giza. Kwenye sahani kulikuwa na nyota kubwa ambayo haikuwapo jana yake. Alidhani sahani ina dosari. Akatoka nje, akainua macho, na nyota ilikuwepo. Oscar Duhalde, fundi wa darubini nyingine kwenye kilima hichohicho, alikuwa ameshaiona kwa macho matupu saa chache kabla, wala hakuwa amemwambia mtu. Telegramu ikatumwa. Ilikuwa supanova ya kwanza kuonekana bila darubini tangu ile ya Kepler.

Habari zilifika Tokyo kwa faksi kutoka Marekani. Tepu zilikuwa bado mgodini. Zikaletwa Tokyo, wanafunzi wa Koshiba wakazipitisha kwenye kompyuta na kuchapa michoro karatasi baada ya karatasi. Nyingi zilionyesha vitone vya kawaida vilivyotawanyika. Halafu kwenye karatasi moja, saa 10:35 jioni ya Februari 23 kwa saa za Japani, vikasimama vitone 11 juu ya vingine vyote, vilivyobanana ndani ya sekunde 13.

Walikaribia kuukosa utamu wote. Saa ya mtambo haikuwa imelinganishwa kwa usahihi, na kabla hawajapata nafasi ya kuipima umeme ulikatika mgodini, ndiyo maana mpaka leo muda wa Kamioka una shaka ya dakika moja huku au kule. Katika mgodi wa chumvi huko Ohio, Marekani, kando ya Ziwa Erie, tangi kubwa zaidi la IMB lilikuwa limepoteza robo ya balbu zake kwa hitilafu ya umeme. Hata hivyo lilinasa nyutrino nane. Chombo cha Baksan, katika milima ya Caucasus, kilinasa tano. Saa ya IMB ndiyo iliyokuwa nzuri, na kwa hiyo ndiyo tunayoitumia. Ripoti za Kamioka na IMB zilitoka pamoja Aprili 6, 1987, katika toleo moja la jarida la Physical Review Letters.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni mwelekeo. Vyombo vyote vitatu viko kaskazini, mahali ambapo Wingu la Magellan halichomozi kamwe. Kwa mtu wa Kamioka nyota ile ilikuwa chini ya sakafu, upande wa pili wa Dunia. Nyutrino zilizonaswa ziliingia kutoka chini, zikiwa zimepenya sayari yetu.

Na zilitangulia nuru. Zilifika saa 4:35 asubuhi kwa saa zetu. Saa mbili hivi baadaye Albert Jones, mtazamaji nyota wa New Zealand asiyelipwa hata senti, alielekeza darubini yake huko huko na hakuona kitu kipya. Picha ya kwanza yenye nuru ya mlipuko ni ya Robert McNaught wa Australia, iliyopigwa saa 7:38 mchana wetu. Tofauti ya saa tatu ndiyo muda ambao wimbi la mshtuko lilihitaji kupanda kutoka kwenye kiini hadi kwenye ngozi ya nyota. Nyutrino hazikulisubiri.

Wanafizikia walipozidisha nishati ya hizo nyutrino chache kwa idadi ya zilizopita bila kunaswa, walipata jumla ya joule 3 zikifuatiwa na sufuri 46. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya nishati yote ambayo Jua litatoa katika maisha yake ya miaka bilioni 10. Ndicho kiasi kilekile kilichotabiriwa kwa kiini kinachojibana hadi kuwa nyota ya nyutroni. Zile sekunde 13 nazo zilikuwa na ujumbe wake. Kama nyutrino hazingekuwa zimenaswa ndani ya kiini, zingemwagika zote mara moja, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kuchelewa kwake ni ushahidi kwamba zilikuwa zikipenya kwa taabu.

Nyota yenyewe ilitambuliwa kwa jina lake la daftari, Sanduleak -69 202, iliyokuwa na uzito wa Jua mara 20 hivi. Wengi walishangaa kuona ni ya buluu, maana vitabu vilisema ni nyota nyekundu ndizo zinazolipuka. Mabaki yake yamechunguzwa tangu siku ile. Nyota ya nyutroni iliyopaswa kuwa katikati ilitafutwa kwa miaka 37. Februari 2024 kundi lililotumia darubini ya anga ya James Webb lilitangaza dalili zenye nguvu kwamba ipo, imefichwa na vumbi.

Nyutrino zile zilikuja kutoa ushahidi tena kwenye kesi nyingine kabisa. Septemba 2011 watafiti wa mradi wa OPERA walitangaza kwamba nyutrino zilizotumwa kutoka maabara ya CERN hadi Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730, zilifika mapema kuliko nuru ingefika, kwa sehemu 60 kati ya bilioni moja za sekunde. Magazeti yalimzika Einstein. Lakini kama nyutrino zingekuwa na mwendo huo, zile za 1987 zingetangulia nuru kwa miaka minne, si kwa saa tatu. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa kebo moja haikuchomekwa vizuri.

Faili halijafungwa

Pamoja na sifa zote hizo, asikudanganye mtu kwamba kila kitu kimejulikana. Nyutrino 24 zilithibitisha kwamba kiini huporomoka na kupoa kwa kumwaga nyutrino. Hazikuthibitisha kwamba nyutrino hizo ndizo zinazoinua wimbi lililokwama. Ushahidi wa hilo bado uko ndani ya kompyuta.

Na kompyuta zimehangaika. Ukiichora nyota kuwa mviringo kamili, kila tabaka likiwa sawa pande zote, mara nyingi hailipuki. Ukiiruhusu gesi kuchemka, kupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, kama inavyotokea katika hali halisi, gesi hukaa muda mrefu zaidi ndani ya joto la nyutrino na mlipuko hupatikana. Makundi kama ya Hans-Thomas Janka huko Garching, Ujerumani, na Adam Burrows wa Princeton yamefika hapo kwa kutumia kompyuta kubwa kuliko zote zilizopo, nyota moja ikila miezi ya hesabu. Matokeo yake hayalingani yote. Nyota nyingine hulipuka, nyingine hushindwa na kuwa shimo jeusi. Mwaka 2009 nyota moja katika galaksi ya NGC 6946 iliwaka kidogo kisha ikapotea. Wapo wanaoamini ilikuwa moja ya zilizoshindwa, wengine hawajashawishika.

Kinachosubiriwa ni supanova ndani ya galaksi yetu. Makadirio ni moja hadi tatu kwa kila miaka 100, na vyombo viko tayari kuliko wakati wowote. Super-Kamiokande, iliyochukua nafasi ya tangi la Koshiba mwaka 1996, ina maji tani 50,000 na ingenasa nyutrino kwa maelfu. IceCube, iliyozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, ina vihisi 5,160 ndani ya kilomita moja ya ujazo. JUNO ya China ilianza kazi mwaka 2025, na Hyper-Kamiokande, yenye tani 260,000, inajengwa. Zikinaswa maelfu badala ya 24, tutaona wimbi likikwama na kufufuka sekunde kwa sekunde, au tutaona lisifufuke.

Sehemu kubwa ya nyota za galaksi yetu imefichwa na vumbi, kwa hiyo inawezekana kabisa supanova ijayo isionekane kwa macho. Nyutrino hazijali vumbi. Vilevile zitafika kwanza, na kwa sababu hiyo vituo mbalimbali vimeunganishwa katika mtandao wa tahadhari uitwao SNEWS, unaofanya kazi tangu 2005. Vituo viwili au zaidi vikihisi kitu kwa wakati mmoja, ujumbe hutumwa duniani kote ili darubini zielekezwe kabla nuru haijafika.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafasi nzuri kuliko wengi. Katikati ya galaksi, penye msongamano wa nyota, hupita karibu na utosi wetu usiku wa Juni hadi Agosti, wakati watu wa Ulaya Kaskazini wanapaona chini kabisa pembeni mwa anga au hawapaoni. Ujumbe wa SNEWS hautumwi kwa maprofesa peke yao. Ni bure, na mtu yeyote mwenye barua pepe anaweza kujiandikisha, awe mwalimu wa fizikia wa Songea, klabu ya sayansi ya shule ya Kisumu au mvuvi anayepitisha usiku baharini. Jiandikishe. Ukiupata ujumbe huo, utakuwa na saa chache, pengine dakika tu, za kutoka nje kabla nyota haijaanza kuonekana.